Mama, na Moyo Wako Je?

Akina mama wengi tunaowahudumia kliniki wanajua baba anameza vidonge vya presha saa ngapi, na mtoto wa mwisho alichanjwa lini. Tukiwauliza habari za moyo wao wenyewe, hunyamaza. Kumbe maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua wanawake wengi zaidi duniani. Siku hizi baadhi yao hutuuliza kuhusu picha ya moyo ya siti skani. Je, inamfaa nani?

Picha yaonyesha nini?

Moyo una mishipa yake inayoulisha. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo, kama ukoko unavyoshika sufuria. Baadaye sehemu ya ukoko huo huwa ngumu kwa madini ya chokaa, na chokaa hiyo ndiyo huonekana pichani. Mwaka 1990 Dk. Arthur Agatston na wenzake huko Miami, Marekani, walieleza namna ya kuihesabu, na hesabu hiyo ingali inaitwa kwa jina lake. Unalala kitandani, unabana pumzi kidogo, hudungwi sindano. Dakika chache tu umemaliza.

Kusoma hesabu

Ukipata 0, chokaa haikuonekana, na hatari ya mshtuko wa moyo kwa miaka michache ijayo kwa kawaida ni ndogo. Kati ya 1 na 99, ukoko umeanza. Kuanzia 100, mara nyingi daktari hushauri dawa za statini za kupunguza lehemu.

Hata hivyo, 0 si cheti cha uzima. Ukoko laini usio na chokaa hauonekani, na kwa wanawake chokaa huchelewa kujitokeza kuliko kwa wanaume. Mama mwenye kisukari au anayevuta sigara asijidanganye kwa 0 hiyo.

Nani apigwe?

Picha hii humsaidia zaidi mtu wa miaka 40 hadi 75 asiye na dalili, ambaye daktari wake anasita kama amwanzishie dawa au la. Mjamzito asipigwe, maana kuna mionzi. Na mwenye maumivu ya kifua asingoje picha hii. Aende hospitali mara moja. Wanawake wengine hupata dalili nyingine: kukosa pumzi, uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo.

Anza na yaliyo karibu

Kabla ya kutafuta fedha za picha, pima presha, sukari na lehemu. Mweleze daktari kama uliwahi kupata kifafa cha mimba, au presha au sukari wakati wa ujauzito, hata kama mtoto huyo sasa ni mtu mzima. Mambo hayo huongeza hatari ya moyo miaka mingi baadaye, na wengi hawaulizwi.

Mama mpendwa, utakapompeleka mtoto kliniki mwezi huu, usiondoke kabla nawe hujapimwa presha.