Borobudur: Hekalu Linalouza Ngazi Zake

Mtalii anayetua Yogyakarta, kisiwani Java, mara nyingi ameshapanga kwenda Borobudur, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka mjini. Hekalu hili la Kibudha la karne ya 9 halina ukumbi wa kuingia. Ni kilima cha mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji: majukwaa sita ya mraba, juu yake matatu ya duara. Mgeni huzunguka akipanda, akipita nakshi 2,672 na sanamu 504 za Budha. Chini kuta humbana. Juu hutokea mahali peupe penye stupa 72 za matundu, yaani vikuba vya Kibudha vyenye umbo la kengele, na milima upeo wa macho. Njia iliyochorwa kwa ajili ya mahujaji ndiyo hiyohiyo inayouzwa leo.

Shida ni kwamba bidhaa yenyewe inalika kwa kukanyagwa. Ukarabati mkubwa wa Indonesia na UNESCO, ulioanza mwaka 1975 na kumalizika 1982, ulidhibiti maji ya mvua, lakini nyayo hazizibiwi kwa mfereji. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kiingilio cha kupanda: dola 100 kwa mgeni na rupia 750,000 kwa mwananchi. Wenyeji wakapiga kelele, na walikuwa na haki, maana mkulima wa Java angefungiwa nje ya urithi wake mwenyewe. Bei hiyo ikawekwa kando.

Badala yake ukaja ukomo wa wapandaji 1,200 kwa siku, wanaokwenda kwa makundi na mwongozaji, wamevaa upanat, ndara laini zinazosukwa na mafundi wa vijiji vya jirani. Mtindo wake umetolewa kwenye nakshi za hekalu, na mgeni huondoka nazo. Sharti la kulinda mawe limegeuka oda ya kudumu kwa wasukaji, jambo ambalo wizara chache za utalii zimewahi kulifikiria.

Asiyepanda hukata tiketi nafuu ya uwanjani. Vijijini kuna magari ya zamani ya Volkswagen yanayozungusha wageni, na vibanda vya chakula na malazi. Hata hivyo wengi hurudi Yogyakarta jioni ileile, na pesa ya kitanda na chakula cha usiku huondoka nao. Indonesia ikitaka mapato zaidi Borobudur, iuze usiku mmoja kijijini. Tiketi ya kupanda iachwe ilivyo.