Hisa Zinazovuma: Tunanunua Biashara au Tunanunua Bei?

Mazungumzo ya hisa yamekwisha toka katika ofisi za madalali na kuingia majumbani mwetu. Vijana wanafuatilia bei katika simu zao, akina mama wanazijadili katika vikundi vya kuweka akiba, na wapo wanaotuuliza baada ya swala iwapo ada ya mtoto ya mwakani inafaa kutiwa katika hisa "inayopanda". Swali hili ni zito, kwa kuwa fedha inayoulizwa ina kazi yake na tarehe yake. Tumeona vyema kulijibu kwa kutazama jambo lililotokea hapa hapa Afrika Mashariki.

Machi 2008 Serikali ya Kenya ilianza kuuza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom: hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5 za Kenya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini safari ile kizuri nacho kilitembezwa mijini na vijijini. Maombi yalizidi kwa mbali hisa zilizokuwapo, na wapo waliokopa benki ili wasipitwe. Juni 9, siku hisa hizo zilipoanza kuuzwa katika soko la Nairobi, bei ilivuka shilingi 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imerudi chini ya 5, na mwanzoni mwa 2009 ikawa chini ya 3.

Sababu hazikuwa za siri. Wengi walinunua wakiwa na nia ya kuuza haraka, hivyo wauzaji wakazidi wanunuzi. Kisha msukosuko wa fedha wa dunia ukafika, na faida ya kampuni baada ya kodi ikashuka kutoka karibu shilingi bilioni 14 hadi kiasi cha bilioni 10 na nusu katika mwaka ulioishia Machi 2009.

Sasa na tufanye hesabu ambayo mtu yeyote aliyejua kugawanya angeweza kuifanya. Hisa zote za kampuni zilikuwa takriban bilioni 40. Ukigawa faida ya bilioni 14 kwa hisa hizo, kila hisa inapata senti 35. Basi aliyenunua kwa shilingi 5 alilipia faida ya miaka 14 hivi, na aliyenunua kwa shilingi 7 alilipia ya miaka 20. Kulipa bei ya miaka 20 si lazima liwe kosa. Kampuni ilikuwa ikikua, na huduma ya M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kuanzishwa. Lakini mnunuzi alipaswa kujua kwamba hiyo ndiyo bei anayoilipa, na kujiuliza kama ukuaji utaistahiki. Aliyenunua kwa 7 kwa kuwa jana ilikuwa 5 alijiuliza jambo jingine kabisa: je, kesho atatokea wa kuinunua kwa 8?

Hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Njia ya kwanza ni kupima thamani: faida, madeni, gawio na matarajio ya biashara yenyewe. Benjamin Graham na David Dodd waliifafanua katika kitabu chao cha 1934, baada ya soko la Marekani kuanguka. Njia ya pili ni kufuata mkondo wa bei, kununua kinachopanda na kukiacha kinaposhuka. Tuwe waadilifu: njia hii ya pili haikosi hoja. Mwaka 1993 wataalamu Jegadeesh na Titman walionyesha kwamba hisa za Marekani zilizopanda zaidi kwa miezi kadhaa zilielekea kuendelea kuzishinda nyingine katika miezi iliyofuata. Lakini walipima hisa nyingi kwa pamoja, kwa kanuni isiyobadilika. Mtu mwenye hisa moja aliyoisikia kwa jirani hana kanuni hiyo, na kila anaponunua na kuuza hulipa ada ya dalali.

Mkondo ukitengana kabisa na thamani, matokeo yake tuliyaona Marekani. GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya kompyuta iliyokuwa ikipata hasara, ilimaliza mwaka 2020 hisa yake ikiwa chini ya dola 20. Januari 27, 2021, ilifunga karibu na dola 347. Haikufika mwezi mmoja ikawa kiasi cha dola 40. Waliopata walipata kwa waliochelewa.

Turudi Safaricom. Aliyenunua kwa shilingi 5, akaijua biashara yake na asihitaji fedha ile haraka, aliiona hisa ikivuka shilingi 40 mwaka 2021. Na aliyeingia mwaka huo kwa kuwa inavuma aliiona ikiwa chini ya 15 mwishoni mwa 2023. Kampuni ni ile ile, na bado inapata faida. Kampuni nzuri na bei nzuri ni mambo mawili.

Kwa familia, uzito wa jambo hili uko katika muda. Nyumba iliyonunua hisa 10,000 kwa shilingi 7 ilitoa shilingi 70,000; ada ilipodaiwa Januari, nyumba hiyo ililazimika kuuza kwa bei iliyopo. Iliyokopa ilibaki pia na deni, na riba juu yake, jambo ambalo hukumu yake msomaji anaijua. Mafakihi tangu zamani wametahadharisha juu ya gharari, mtu kununua kitu asichojua hali yake. Na hesabu za kampuni hutangazwa hadharani ili mnunuzi ajue.

Basi tunayemshauri ni baba au mama aliyekwisha kutenga ada, kodi ya nyumba na akiba ya dharura, akabakiwa na cha ziada. Huyo na azisome hesabu za kampuni, agawe faida kwa idadi ya hisa, kisha amweleze mwenzake nyumbani kwa maneno mepesi ni miaka mingapi ya faida wanailipia na kwa nini. Akishindwa kueleza, fedha na ikae mahali ilipo.