Je, Wajua? Vepu Mkononi, Usukani Mkononi

Abiria akiwasha sigara ndani ya matatu ya mtaa wetu wa Lucky Summer, Nairobi, huna haja ya kunyamaza. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inapiga marufuku uvutaji ndani ya magari ya abiria, teksi zikiwemo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Na vepu, yaani sigara ya kielektroniki, je? Sheria hiyo inazungumzia moshi na tumbaku iliyowashwa, ilhali vepu haiwashwi moto. Hupasha kimiminika joto hadi kitoe mvuke. Mswada wa marekebisho wa 2024, uliowasilishwa katika Seneti na Seneta Catherine Mumma, unakusudia kuziba mwanya huo.

Kwa mwenye gari la binafsi, Sheria ya Trafiki haitaji vepu. Usidhani umepona. Kuendesha bila uangalifu ni kosa, hata kiwe nini kilichokutoa macho barabarani. Vuta mara moja madirisha yakiwa yamefungwa, uone wingu jeupe linavyotanda kati yako na barabara. Glisarini iliyomo huacha utando unaonata kwenye kioo cha mbele, na usiku taa za gari linalokuja hutawanyika juu yake usione kitu.

Mtaani kwetu watoto hutoka shule wakitembea ukingoni mwa lami, na mama mboga ameketi hatua mbili tu kutoka kwenye magurudumu. Dereva, kama ni lazima uvute, egesha kwanza.