Fahamu Stahiki Zako Ardhi Inapotwaliwa kwa Manufaa ya Umma

Reli ya Kisasa (SGR) kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye urefu wa kilomita 506, inapita katika maeneo yenye mashamba, makazi na michikichi ya wananchi. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo fidia inayostahili.

Fidia si bei ya kiwanja pekee. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2001, hujumuisha thamani ya soko ya ardhi, majengo na mazao. Posho ya usumbufu. Gharama za usafiri. Posho ya makazi, yaani kodi ya pango ya miezi 36 kwa anayepoteza nyumba. Pamoja na hasara ya faida kwa mfanyabiashara.

Mwananchi anashauriwa kuwapo siku ya uthamini, kuhakiki idadi ya michikichi yake kabla ya kutia saini, na kutunza nakala ya fomu. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, mdai anastahili riba. Ikipita miaka miwili, uthamini hurudiwa. Hivyo, kujua tarehe uthamini ulipoidhinishwa ni kinga ya haki yake.