Safari ya Makka Katika Miezi ya Jua Kali

Mtu wa pwani anayefunga safari kwenda Makka kuhiji hudhani ya kuwa joto amelizoea tangu utoto wake. Lakini joto la Makka ni la namna nyingine. Mombasa hewa ina unyevu, na jasho humtiririka mtu akaliona. Makka ni mji wa bondeni, kati ya majabali makavu, na huko jasho hukauka mwilini kabla mtu hajatambua kuwa limemtoka. Hivyo hupungukiwa maji hali hana kiu kubwa.

Tarehe 17 Juni, 2024, kipimo cha joto penye Msikiti Mtukufu kilifika digrii 51.8 za Sentigredi. Katika hija ya mwaka huo walikufa watu 1,301, kwa hesabu ya Serikali ya Saudia, na katika kila 100 waliokufa, 83 hawakuwa na kibali cha kuhiji. Hesabu hiyo ya pili ndiyo yafaa iangaliwe sana. Mwenye kibali ana nafasi yake katika hema la Mina lenye kupozwa hewa, na gari la kumpeleka Arafa, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini. Asiye nacho, aliyeingia kwa viza ya matembezi, hutembea kwa miguu juani wala hana pa kujilaza. Wakala atozaye nauli ndogo na kusema kwamba kibali kitapatikana huko huko, bei yake ni rahisi kwa sababu hauzi kivuli. Basi na aulizwe habari za kibali kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi, kwa hiyo hija hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Siku ya Arafa ilikuwa tarehe 15 Juni mwaka 2024, na 5 Juni mwaka 2025; karibu na mwaka 2037 itaangukia Januari. Kijana aweza kungoja. Mzee aliyedunduliza akiba yake miaka mingi, ni vigumu kumwambia angoje.

Mzee huyo na aanze kutembea kila jioni majuma kadhaa kabla ya safari, akivaa viatu vile vile atakavyovaa huko. Chanjo za homa ya manjano na homa ya uti wa mgongo zichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Mwenye ugonjwa wa sukari amwone daktari, maana joto huharibu insulini. Mwanamume aliye katika ihramu havai kofia wala kilemba, lakini mwavuli hakukatazwa, nao ni mzigo mwepesi kuliko zawadi nyingi ambazo watu hubeba.

Wasafiri hufanya vema kushikana wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenziwe na kumkumbusha kunywa maji. Mwenzi akianza kupayuka maneno yasiyoeleweka, na ngozi yake ina moto, huo si uchovu wa njia. Aitwe daktari mara moja. Na wakati wa kumngoja, mgonjwa awekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kukoma.