NZE ya 2003, Mahewa ya Leo: Chomeka AUX Mwenyewe

Wasee, tubonge ukweli wa parking ya mtaa. Dinga ni NZE ya 2003. Bodi safi. Rimu safi. Injini ya 1NZ haijawahi kukuangusha, na hata ikiwa na njaa haikulii doo kama zile mashine za wadosi. Halafu mse anaingia, anafunga mlango, anatoa simu: "Niaje, Bluetooth iko wapi?" Kimya. Redio inabonga Kijapani, inameza CD, na namba za FM zinaishia 90. Hapo ndio picha inachomeka, na inachomeka mbele ya watu.

Na msee, kabla ukimbie kuchukua loan ya ndai mpya, tulia. Hii shida inaisha Sunday moja, na pesa yenye haiwezi hata kujaza tanki. Unaimaliza mwenyewe. Ukiachia fundi wa kando ya road, atakata waya kama anachinja kuku, ataunga na selotepu, na kesho dirisha halipandi.

Kwanza jua adui. Huko Japan, FM ilipangwa kuanzia 76 mpaka 90. Sisi huku tunacheza kati ya 87.5 na 108. Kwa hivyo redio ya ex-Japan inashika tu kale kakona ka chini. Ghetto Radio 89.5 inaingia, tena kwa ukingo kabisa. Capital 98.4 iko nje. Kiss 100 iko nje. Classic 105, sahau. Ndio maana ndai ikitoka yadi inafungwa ekspanda, kale kasanduku kanakaa kati ya antena na redio, kanashusha stesheni zote chini. Ekspanda ya 20 ikifungwa, Capital unaipata 78.4. Mgeni akitafuta 98 kwa hiyo redio atazeeka akizungusha kinobu. Na hata ukiipata, inakuja na ka-shhh nyuma, kama mtu anakaanga viazi kwa back seat.

Sasa wazae. Wazae wako na maoni. Mbuyu anaamini redio ya gari iliumbwa kwa sababu moja: habari za saa saba, Taifa, 92.9, sauti juu mpaka wimbo wa habari uskike Thika. Ukimwambia unataka kuchomeka simu, anakuangalia kama umesema utauza shamba. "Itamaliza betri ya gari." Maze! Taa moja ya mbele ya H4 inakula wati 55. Simu ikichaji kawaida inakula kama 10. Na waya ya AUX yenyewe inabeba sauti tu, haili kitu kwa betri. Buda anawasha taa mbili akienda kununua maziwa, hakuna mtu anamwitia mkutano wa familia. Ukimwonyesha hiyo hesabu, anabadilisha story: "Na unajua bei ya dizeli?" Gari ni ya petroli, mzae.

Tuingie kwa vitu zenyewe.

Ile ya aibu ndio wasee wengi hukimbilia: modyuleta. Ile ya kuchomeka kwa laita, iko na taa ya bluu kama disko la primary, na yule auntie ndani yake mwenye anatangaza kwa gari yote "the Bluetooth device is ready to pair". Auntie haombi ruhusa. Uko na manzi, mmenyamaza kidogo, story inaanza kuiva, unawasha ndai, auntie anaingilia. Bei iko kati ya jirongo na thao, so msee anadhani ameomoka. Lakini cheki venye inafanya kazi. Hiyo kitu ni stesheni ndogo ya redio. Inarusha ngoma zako hewani, redio yako inazishika kama inavyoshika Capital. Na hewa ya Nairobi imejaa. Ukitoka Rongai ukienda tao, ngoma inaanza poa, ukifika Bomas mhubiri anaingia katikati ya verse, anakemea, anatoka, ngoma inarudi. Juu ya hiyo, FM inakata sauti ikifika 15 kilohezi, so zile hi-hat kali za drill zinafika zimechoka.

Na kama dinga iko na ekspanda, kuna mtego wenye hakuna mtu hukuambia dukani. Ukiseti modyuleta 88, ekspanda ya 20 inaishusha 68. Redio inaanza 76. Umeimbia ukuta. Weka modyuleta 106, alafu tafuta 86 kwa redio. Hapo itaongea. Lakini bado auntie yuko.

Ka unaendesha 110 ya kaseti, wewe usiskume mtu, wewe ni mtajiri. Usikubali mtu akutolee hiyo redio. Chukua adapta ya kaseti, ile iko na umbo la kaseti na kamkia ka waya. Ndani yake kuna kichwa kadogo ka sumaku kanakaa uso kwa uso na kichwa cha redio, sauti inavuka hapo hapo, haipiti hewani, mhubiri hana mlango. Philips walitoa kaseti 1963, na hadi leo mlango wake unapitisha playlist yako ya jana usiku. Shida yake ni moja: deki zingine zinadhani kaseti imeisha, zinageuza upande ama zinaitema. Ikikufanyia hivyo, geuza adapta, ingiza na upande ule mwingine. Na kama simu yako ni ya Apple, kumbuka tundu ya earphone walitoa kwa iPhone 7, 2016, so utahitaji ka-adapta kengine. Wanapenda pesa wale.

Sasa ile yangu. Ile ya wasee wamechanuka. Waya imefichwa, dash iko vile Toyota walitaka, hakuna taa ya bluu, hakuna auntie.

Angalia kwanza kama redio iko na mlango tayari. Finya ile batani ya kubadilisha kati ya CD na FM. Ukiona AUX ama VTR kwa skrini, wewe tayari uko nusu ya safari, ju kuna soketi mahali, mara nyingi nyuma ya redio, na hakuna mtu amewahi kuichomeka tangu ndai ishuke meli pale Mombasa.

Lakini skiza hapa poa. Kama redio yako ni ile ya navi, ile iko na ramani ya Japan na skrini, usiiguse kwa haraka. Hizo ukizitoa moto, hata kwa kutoa tu terminal ya betri, nyingi zinajifunga. Zinarudi zikiomba disc ya ramani ama kodi, kwa Kijapani, na disc ilibaki kwa droo ya mtu Yokohama. Umebaki na skrini ya mapambo. Wenye navi, kaeni na modyuleta yenu, mvumilie auntie.

Kama ni redio ya kawaida, twende kazi. Teremka Luthuli, uchukue vitu hizi: waya ya AUX nzito, ya soo moja ama mbili, si ile nyembamba kama uzi wa meno, fyuzi na kikasha chake, kadude ka Bluetooth ka waya, na kile kipande cha plastiki cha kungoa dash. Usitumie bisibisi kungoa dash. Bisibisi inaacha alama, na alama ya bisibisi kwa dash ni aibu inakaa milele, kila abiria ataiona.

Toa terminal ya negative. Vuta fremu ya kuzunguka redio polepole, sehemu ya chini kwanza, utaskia klipu zikiachia moja moja: tak, tak, tak. Usipige kelele, ni kawaida. Redio imeshikwa na bolti nne za spana namba 10. Weka kitambaa juu ya gia ndio redio isikwaruze kitu ikitoka.

Nyuma hapo ndio ukweli uko. Toyota wanakupa plagi kubwa ya pini 10 na ndogo ya pini 6. Ile ndogo ni ya spika za nyuma, achana nayo. Kwa ile kubwa, waya ya bluu na mstari wa njano ni moto wa saa zote. Ya kijivu ni ACC, moto wa ufunguo. Ya kahawia ni athi. Usiamini macho peke yake, mwenye alikuwa na ndai kabla yako pengine alikuwa na fundi wa selotepu. Rudisha terminal dakika moja, shika tesita, hakikisha ya kijivu inakufa ukizima ufunguo, alafu toa terminal tena.

Bluetooth yako ichukue moto kwa kijivu, na fyuzi iwe katikati. Hapa usibebwe ufala. Ukiunga kwa ile ya saa zote, kadude hakalali usiku, na Monday asubuhi mko watu wanne mnasukuma NZE kwa mtaa, mbuyu amesimama kwa gate na kikombe cha chai. Hiyo furaha usimpatie. Alafu cheki pia kadude kanataka volti ngapi. Zile bodi za kijani za kuuzwa bila kasha, zingine ni za volti 5. Gari ikiwa imewashwa inapeana mpaka 14. Bodi ya volti 5 hapo inanuka moshi kabla uimbe chorus. Weka kibadilishi cha volti ama ununue ya 12 kutoka mwanzo.

Redio ikiwa na AUX, kazi imeisha: chomeka sauti nyuma, pitisha waya chini ya dash, itokee ndani ya glove box. Redio ikiwa haina kabisa, kuna modyuleta ya waya, na hii wasee wengi hawaijui. Inakaa kati ya antena na redio, inasukuma ngoma ndani ya waya moja kwa moja, haipigani na hewa ya mtaa. Ifunge baada ya ekspanda, upande wa redio. Hapo 88 inabaki 88, na redio ya Japan inaishika bila maneno. Sauti si ya AUX kamili, lakini mhubiri amefungiwa nje.

Washa. Cheza ngoma moja unaijua mpaka pumzi ya msanii. Ukiskia kamluzi kanapanda ukikanyaga mafuta na kanashuka ukiachilia, usimlaumu msanii. Hiyo ni kelele ya altaneta. Moto wa Bluetooth na waya ya sauti zimeshika athi kwa njia mbili, na kelele inazunguka hapo katikati. Dawa yake inaitwa isoleta ya athi: kakopo kadogo, ndani kuna transfoma mbili ndogo, unakaweka kati ya Bluetooth na redio. Mluzi unakufa papo hapo. Mse akikuambia ubadilishe altaneta ju ya huo mluzi, ondoka kwa hiyo gereji ukikimbia.

Na usiku utaskia mabeste wakikuambia, "Si ungeweka tu Android?" Ile skrini kubwa ya kung'aa. Maze, cheki bei, inaanza thao kumi na inapanda kama inaenda Ngong Hills. Redio ya Toyota ina upana wa milimita 200, nyingi za hizo Android za bei ya chini ni kama 180. Unabaki na pengo la kidole kila upande, unaliziba na plastiki yenye haifanani na kitu chochote kwa hiyo gari. Alafu inachukua karibu dakika nzima kuamka, umeshafika kwa jirani bado inaonyesha logo. Usiku inamulika kila mtu kwa jam, ikitangaza kwa wezi kuna kitu ya kuchukua. NZE iliyo na dash yake ya original na ngoma inatoka mahali hakuna mtu anaona, hiyo ndio luku.

Kitu ya mwisho, na hii ni ya serious. Vitu hizi za Bluetooth hukumbuka simu zenye zimewahi kuingia. Ukishamaliza, pair yako peke yako. Siku mbuyu ataomba gari aende church, mpatie ufunguo, mpatie hata mafuta. Lakini simu yake isiingie kwa hiyo list. Ikiingia mara moja, kila ukipita karibu na sitting room, katikati ya ngoma, inajiunga yenyewe, na mtaa mzima unaskia video ya WhatsApp ya dakika kumi kuhusu faida za kitunguu saumu.