Nani Atamsikia Bibi Akianguka Usiku?

Mara nyingi tunaandika juu ya watoto wachanga na akina mama wajawazito. Mwezi huu tunaomba tumzungumzie mzee anayeishi peke yake, na kengele ya kuitia msaada anayopaswa kuwa nayo.

Tuanze na bibi mmoja wa Makurunge, kwenye barabara itokayo Bagamoyo kwenda Saadani. Jina lake tunalihifadhi. Ni mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, na watoto wake wote wanafanya kazi Dar es Salaam. Wakati wa masika, yapata saa kumi alfajiri, aliamka kwenda chooni. Choo kiko nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini. Akateleza kwenye tope, akaanguka ubavu, akashindwa kuinuka. Aliita hadi sauti ikamkauka. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nyumba ya jirani iko ng'ambo ya mikorosho. Watoto waliokuja kuchota maji kwenye pipa lake ndio waliomkuta, saa nne asubuhi, siafu wakiwa wameanza kumfikia miguuni. Mwanawe alikuwa amemnunulia simu nzuri ya kupangusa. Ilikuwa mezani ndani, inachajiwa.

Alipofikishwa wodini kwetu tulikuta mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Lakini kilichotutia hofu zaidi hakikuwa mfupa. Ngozi ya nyonga na ya kisigino ilikuwa imekuwa nyeusi kwa kulaliwa. Mwili ulikuwa wa baridi, ulimi mkavu, na mkojo ulitoka wa rangi ya kahawa. Nyama ya mwili ikigandamizwa chini kwa saa nyingi huharibika, na uchafu wake huingia kwenye damu na kuziumiza figo. Baadaye mara nyingi hufuata kichomi, yaani homa ya mapafu, kwa sababu mgonjwa amelala bila kugeuka wala kupumua vizuri. Ndiyo maana sisi wauguzi tukipokea mzee aliyeanguka, swali letu la kwanza ni hili: amelala chini muda gani? Aliyeinuliwa baada ya nusu saa na aliyeinuliwa baada ya saa 6 ni wagonjwa wawili tofauti, hata kama mfupa uliovunjika ni ule ule.

Watoto wake walipofika waliamua palepale kitandani. "Mama, huko harudi mtu. Unahamia kwetu." Bibi akawajibu kwa sauti ndogo, "Minazi yangu namwachia nani? Na kaburi la baba yenu?" Tulikuwa tumesimama hapo na sinia la dawa, tukajifanya hatusikii.

Bibi alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, na baada ya miezi mitano akawa anatembea kwa fimbo ya miguu minne. Msimamo wake ulikuwa ule ule. Ndipo mwanawe mkubwa akaja kutuuliza: "Sista, ninunue chombo gani ili mama aweze kurudi kwake?"

Sikio kwanza, chombo baadaye

Alikuwa amesikia habari za Ulaya na Marekani. Kweli, huko tangu miaka ya 1970 wazee wengi huvaa kitufe shingoni au mkononi. Akikibonyeza, simu ya nyumbani hujipigia yenyewe kwenye kituo maalumu, na mtu aliye zamu usiku na mchana hujibu, kisha humwita jirani au gari la wagonjwa. Ni mpango mzuri. Lakini angalieni kwamba nguvu yake haiko kwenye kitufe. Iko kwa yule mtu wa zamu asiyelala. Ukinunua kitufe kama hicho ukakileta Makurunge bila mtu wa zamu, umeleta kidani tu.

Na hata huko kwenye vituo, kitufe peke yake hakitoshi. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika Cambridge, Uingereza, kwa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 90. Kati ya wenye kengele walioanguka wakiwa peke yao na kushindwa kuinuka, asilimia 80 hawakuitumia kuita msaada. Sisi hatukushangaa. Wodini kwetu kila kitanda cha mzee kina njia ya kumwita muuguzi, na bado asubuhi tunamkuta bibi amelowa, anasema, "Niliona mmechoka, wanangu."

Kwa hiyo tulimwambia kijana yule asiende dukani kwanza. Aende kwa majirani. Atafute masikio matatu, si moja, maana jirani mmoja husafiri, mwingine huenda msibani, mwingine hulala usingizi mzito. Walio karibu kwa miguu ni bora kuliko ndugu walio mbali kwa damu. Ndugu wa Dar es Salaam apigiwe, ndiyo, lakini baada ya jirani. Usiku, kutoka mjini hadi Makurunge, hata mwenye gari lake hawezi kufika haraka kama jirani.

Pamoja na hayo, ufunguo. Wazee wetu hufunga mlango kwa komeo la ndani kwa kuogopa wezi. Kengele italia, jirani atakuja mbio, naye atabaki nje akigonga. Badilisheni komeo, muweke kitasa kinachofunguka kwa nje, na ufunguo wa pili akae nao jirani anayeaminika. Jambo hili lina gharama ndogo na ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Vyombo vilivyopo

Sasa twende dukani. Rahisi kuliko vyote ni filimbi. Haihitaji umeme wala vocha. Chagua ile isiyo na kipunje ndani, kwa kuwa kipunje hukwama kikipata maji au mate. Lakini filimbi inataka pumzi na midomo inayoshika. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyepata kiharusi mdomo ukaenda upande, au asiye na meno ya mbele, huenda asiweze kuilia. Tena katika vijiji vingi filimbi ya usiku ni ya ulinzi, na watu hutoka na marungu wakitafuta mwizi. Kubalianeni na mwenyekiti wa kitongoji na walinzi juu ya mlio wa mzee, kwa mfano mitatu mirefu, kisha kimya, kisha mitatu tena. Kumbukeni pia upepo. Mlio unaosikika vizuri wakati wa kaskazi waweza kupotea kabisa wakati wa kusi, na mvua juu ya bati humeza kila kitu.

Njia nyingine ya zamani, ambayo vijana huicheka, ni kopo lenye mawe lililotundikwa nje ya dirisha na kamba yake kupita ndani. Hatuicheki. Mradi kamba ifike mpaka sakafuni. Kamba inayoning'inia usawa wa bega inamfaa aliyesimama, na aliyesimama haihitaji.

Ya tatu ni kengele ya mlango isiyo na waya, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Kitufe chake ni kidogo. Badala ya kukibandika mlangoni, mzee hukivaa, na kengele yenyewe huwekwa chumbani kwa jirani. Hapa kuna mambo ya kuangalia. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu. Kuta na mabati huupunguza sana. Chagua kengele ya betri, maana ya kuchomeka ukutani hunyamaza umeme ukikatika. Kitufe kiwe kigumu kiasi, kisibonyezwe na mto wa kulalia, lakini kiwe laini kwa vidole vyenye ugonjwa wa viungo. Kamba ya shingoni iwe ya kukatika ikivutwa kwa nguvu, isije ikamnyonga. Betri ndogo za duara wekeni mbali na wajukuu: mtoto akimeza moja inaweza kumchoma koo ndani ya saa chache, hiyo ni ya kukimbilia hospitali bila kungoja.

Ya nne ni simu. Simu ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, inamfaa mzee kuliko ya kupangusa. Chaji yake hudumu siku kadhaa, na vitufe vyake hushikika gizani. Simu nyingi za namna hiyo huweza kutegeshwa ili mzee akishikilia namba 2 kwa muda, simu impigie jirani; akishikilia 3, impigie mwanawe. Zipo pia zilizotengenezwa kwa ajili ya wazee, zenye kitufe kimoja kikubwa mgongoni ambacho kikibonyezwa hupiga namba kadhaa kwa zamu. Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zinafaa kuandikwa ukutani kwa maandishi makubwa. Namba 115 iliwekwa kwa dharura za akina mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, kwa hiyo usimtegemezee bibi hiyo. Lakini simu, iwe ya bei gani, haina faida ikiwa mezani. Mshoneeni mfuko kwenye nguo ya kulalia. Na salio liangaliwe na mtoto aliye mjini, asiachiwe bibi kazi hiyo.

Kuna hali ambayo vyombo hivi vyote havifui dafu: mzee amezimia, au kiharusi kimemnyima mkono na ulimi. Kwa hiyo wekeni pia ishara ya kila siku. Bibi wa Makurunge hutundika kanga yake kwenye kamba ya mbele kila asubuhi anapoamka. Jirani yake mmoja hupita hapo akirudi kutoka swala ya alfajiri, na mama mwingine hupita akienda shamba. Saa moja na nusu ikifika kanga haipo, anagongewa. Hakuna kubonyeza chochote.

Jirani akifika na kumkuta mzee chini, asimnyanyue kwa pupa. Amsemeshe kwanza. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika: afunikwe, mguu usivutwe, abebwe kwenye kitanda cha kamba au mlango hadi kwenye gari. Asipakiwe bodaboda katikati ya watu wawili, kama tunavyowapokea wengi. Mdomo ukiwa umepinda au maneno yakiwa hayaeleweki, asipewe maji wala chai, yatampalia.

Siku ya kujaribu

Tulimsisitizia kijana yule kwamba majaribio yafanyike mzee akiwa amelala chini, si akiwa kwenye kiti. Wakatandika mkeka. Bibi akalala, akapewa filimbi. Meno yake yaliyobaki ni machache, upepo ukatokea pembeni, jirani kule kwake hakusikia kitu. Bibi akacheka mpaka machozi. Wakajaribu kengele isiyo na waya: kutoka chumbani ililia, kutoka chooni haikulia. Wakaihamisha kwa jirani, kutoka kwenye kabati hadi dirishani, ikalia kutoka kote kuwili. Basi wakachukua hiyo, na kanga, na kitochi mfukoni. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mjukuu wa jirani hukijaribu kitufe, kuona kama betri bado ina nguvu.

Miezi michache baadaye, saa nane usiku, kengele ililia. Jirani na mkewe walikimbia na tochi wakafungua mlango kwa ufunguo wao. Walimkuta bibi ameketi kitandani, ameduwaa. Alikuwa amejigeuza akakilalia kitufe. Akaanza kuomba radhi, na hata kutaka kuivua kamba ile shingoni airudishe. Mke wa jirani akamzuia mkono, akamwambia, "Bibi, tumeshaamka, ngoja niwashe moto." Wakanywa chai ya tangawizi watatu, kisha wakarudi kulala.